Bastola ya Kimathi: kabla hujatuma pesa, soma hii kwanza

Juzi jioni stima zilikuwa zimepotea hapa Ayany, nami nimeketi kwa ngazi za ploti nikingoja zirudi nichaji laptopu. Simu ikatetemeka. Jamaa mmoja tunayejuana kwa sura tu, wa kule kuelekea Olympic, alikuwa amenitumia picha nne mfululizo. Bastola. Ya zamani kabisa, rangi imechubuka hadi chuma kinaonekana, imelazwa juu ya kitambaa cha meza cha maua. Maelezo yake yalikuwa mafupi. Eti hiyo ndiyo bastola Dedan Kimathi alishikwa nayo. Eti imetoka kwa familia ya askari wa zamani. Bei laki tatu, lakini kwangu angeshuka. Alichotaka ni nimwandikie stori tamu ya kuivutia, kwa sababu anajua naandika andika mtandaoni, halafu nimtafutie mzungu wa kuinunua.

Nikuambie ukweli, kwa dakika mbili nilipiga hesabu. Mgao wangu ungelipa rent hadi Desemba na labda nirudi chuo nilikotoka muhula wa pili kwa sababu ya karo. Halafu nikakumbuka kitu kimoja kuhusu Kimathi ambacho wengi wetu tulisoma bila kukitilia maanani. Unajua kosa alilonyongewa? Si kuua mtu. Si kupindua serikali. Ni kupatikana na bastola.

Yaani lile lile kosa ambalo mimi na huyo jamaa tungeshtakiwa nalo leo.

Basi keti hapo nikupigie hii stori yote. Ya mtu kwanza, chuma baadaye, maana huwezi kujua thamani ya chuma kama humjui aliyekibeba.

Kimathi wa Waciuri alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1920 Tetu, huko Nyeri. Babake alifariki kabla hajazaliwa, akalelewa na mamake, Waibuthi. Hakukuwa na pesa. Alipofika kama miaka 15 ndipo alianza shule ya msingi ya Karuna-ini, na ili alipe karo alikuwa akiokota mbegu za miti msituni na kuiuzia idara ya misitu. Fikiria hapo kidogo. Huo msitu ambao baadaye serikali ingeupiga mabomu kwa ndege ikimtafuta, ndio uliomlipia karo. Baadaye akaingia shule ya wamishenari wa Kiskoti kule Tumutumu. Alikuwa mkali kwa Kiingereza, anapenda mashairi na midahalo, na pia alikuwa mtundu, hakupenda kuamrishwa. Karo ilipokuwa ngumu, masomo yakakatika. Hapo namuelewa bila kufafanuliwa.

Baada ya shule alihangaika kama vijana wengi wa mitaa yetu wanavyohangaika: kazi hii miezi kadhaa, ile miezi kadhaa. Alipita jeshini kwa muda mfupi wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Alifanya ukarani. Alifundisha. Mwishowe akaingia siasa za KAU, chama cha akina Kenyatta, na kufikia mwaka wa 1952 alikuwa katibu wa tawi upande wa Ol Kalou na Thomson's Falls, ambayo sisi twaiita Nyahururu. Katibu. Kumbuka hilo neno, kwa sababu hata alipokuwa jenerali, kwa roho alibaki katibu. Alipenda karatasi.

Tarehe 20 Oktoba 1952 gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Kenyatta na wenzake wakakamatwa usiku huo huo. Kimathi naye alikamatwa mwaka huo, akatoroka kwa msaada wa askari wa huko huko, akaingia msitu wa Nyandarua. Hakutoka tena kama mtu huru.

Sasa, kuna picha tuliyojengewa kichwani kuhusu Mau Mau: maelfu ya watu wenye rasta na bunduki. Rasta zilikuwepo. Bunduki hazikutosha. Wengi walikuwa na panga na simi. Wengine walibeba bunduki za kujitengenezea, kazi ya mafundi kwa kutumia mabomba ya maji, komeo za milango na mipira ya kuvutia. Ukifyatua, huna hakika kama risasi itaenda mbele au itakurudia usoni. Bunduki halisi ya kiwandani ilikuwa mali kubwa. Zilitekwa kutoka kwa polisi, kama ule usiku wa tarehe 26 Machi 1953 walipovamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakafungua wafungwa na kuondoka na silaha. Zingine ziliibwa kutoka kwa masetla, ambao wakati huo walikuwa wakienda mezani kula na bastola kiunoni. Na risasi nyingi zilitoka hapa Nairobi, moja moja, zikipitishwa kwa mikono ya wanawake, makarani na madereva, mpaka msako wa Operesheni Anvil ulipoanza Aprili 1954 na kukomba makumi ya maelfu ya watu mjini.

Serikali ilijua hesabu hiyo. Kwa hivyo kuanzia 1953 sheria za hali ya hatari zilifanya kupatikana na bunduki, au hata risasi, kuwa kosa la kunyongwa. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa katika miaka hiyo, na sehemu kubwa yao hawakushtakiwa kwa mauaji. Risasi moja mfukoni ilitosha.

Huko msituni Kimathi alifanya kitu ambacho kwangu ndicho kinamtofautisha na makamanda wengine. Alianzisha ofisi. Agosti 1953 aliwakutanisha viongozi wa vikosi wakaunda Baraza la Ulinzi la Kenya, na Februari 1954 likafuata Bunge la Kenya, yeye akiwa mkuu wake. Kulikuwa na vyeo, madaftari ya majina, kumbukumbu za vikao, barua kwa serikali na kwa magazeti. Mvua inanyesha, ndege zinadondosha mabomu, na huyu jamaa anataka kila kikosi kiandike kina watu wangapi na silaha ngapi. Wapo waliomchukia kwa hilo. Stanley Mathenge, kamanda mwingine mkubwa ambaye hakuwa amesoma, alitofautiana naye, na mgawanyiko kati ya waliosoma na wasiosoma haukupona. Na sitakuficha: Kimathi alikuwa mkali hadi kuogofya. Waliomshuku au kumpinga ndani ya msitu, baadhi waliuawa kwa amri yake. Ukimpenda mpende na hilo pia, usimpake chokaa.

Kufikia 1956 vita vilikuwa vimekwisha kwa vikosi vingi. Afisa wa polisi, Ian Henderson, alikuwa na mbinu chafu lakini iliyofanya kazi: aliwachukua wapiganaji waliojisalimisha, akawarudisha msituni na nguo zao na rasta zao wawawinde wenzao. Kimathi alibaki na watu wachache sana, njaa, baridi, bila kulala sehemu moja mara mbili. Alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956, miaka minne na siku moja tangu hali ya hatari itangazwe, alikuwa ukingoni mwa msitu huko Nyeri, amevaa ngozi ya chui. Askari wa kabila kwa jina Ndirangu Mau alimwona, akapiga risasi, ikampata pajani. Picha ile unayoiona kwa tisheti pale Toi Market, amelala chini na pingu mikononi, macho yanatazama juu, ndiyo ya siku hiyo.

Kesi ilisikilizwa Nyeri, Novemba mwaka huo huo, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor na wazee watatu Waafrika waliokuwa washauri wa mahakama. Mashtaka yalikuwa mawili tu: kupatikana na bastola aina ya Webley Scott ya .38, na kupatikana na risasi sita. Hizo tu. Baada ya miaka minne ya vita, mabomu, kambi za kufungia watu na maiti zisizohesabika, jalada la adui nambari moja wa serikali lilikuwa na chuma kimoja kinachoenea mkononi na vipande sita vya shaba na risasi.

Mimi naona walichagua hivyo kwa sababu ni rahisi. Kumshtaki kwa mauaji kungehitaji mashahidi, na huenda mtu angeuliza maswali kuhusu mauaji ya upande wa pili. Bastola haina maswali. Iko pale mezani na alama ya ushahidi. Wakili wake alijitetea kwamba mteja wake alikuwa njiani kujisalimisha, na pia ukaletwa ushahidi kwamba alikuwa na ugonjwa wa kifafa. Washauri wote watatu walisema ana hatia. Tarehe 27 Novemba jaji akamhukumu kunyongwa. Rufaa ya Afrika Mashariki ikatupwa, na ile ya London pia.

Siku moja kabla ya kufa alimwandikia padri mmoja wa Kikatoliki wa Nyeri. Hakuandika habari za vita. Aliomba mwanawe apelekwe shule, mamake ambaye ni mzee aangaliwe, na mkewe Mukami, ambaye alikuwa amezuiliwa humo humo Kamiti, afarijiwe. Mtu aliyeokota mbegu kulipa karo, neno lake la mwisho kwa karatasi ni karo. Alinyongwa asubuhi ya tarehe 18 Februari 1957, akiwa na miaka 36, akazikwa ndani ya gereza bila alama. Mukami aliishi hadi Mei 2023 akiomba mabaki hayo. Alizikwa yeye, mumewe bado.

Na Mau Mau yenyewe ilibaki marufuku kisheria hadi 2003. Henderson naye alifukuzwa Kenya mwaka wa 1964, akaenda kuwa mkubwa wa usalama Bahrain kwa miaka na miaka.

Sasa turudi kwa zile picha nne za jamaa.

Kitu cha kwanza nilifanya ni kumgongea mlango mzee mmoja jirani yetu, amestaafu polisi, miaka mingi alikuwa mtu wa ghala la silaha. Nikamsalimia shikamoo yake vizuri, nikaketi, nikamwonyesha simu. Hakushtuka. Aliuliza tu kama ninaona nambari. Alinieleza kwamba ghalani hawakujua bunduki kwa sura, maana zote zinafanana kama vifaranga. Kila moja ilikuwa na nambari iliyogongwa kiwandani, na kila ilipotoka na kurudi, nambari hiyo iliandikwa kwa daftari pamoja na jina la aliyeichukua. Kwake yeye, bunduki bila nambari yake daftarini ni chuma tu.

Hapo ndipo somo lilipoanza, na ni somo ambalo litakuokoa siku mtu atakapokuletea ya babu yake, ya Kimathi, au ya Lord Delamere.

Anza na jinsi inavyofunguka. Webley ya Birmingham inavunjika katikati. Unasukuma kilatchi juu karibu na nyundo, mtutu unainama mbele kwa bawaba, na maganda yote sita yanatoka kwa mpigo. Ukiiangalia kwa upande utaiona hiyo bawaba chini ya mtutu, mbele ya silinda. Bastola nyingi za Marekani haziko hivyo, silinda yake inachomoka kando, upande wa kushoto. Hii huhitaji kuishika ndio ujue. Picha moja nzuri ya kando inatosha.

Pili, maandishi. Webley ya .38 iliyoitwa Mark IV ina jina la kampuni, Birmingham, na alama ya Mark IV zimegongwa kwenye mwili wake. Zilizotengenezwa wakati wa vita zina maneno ya kueleza kwamba umaliziaji wake ni wa vita, yaani hawakupoteza muda kuzing'arisha, ili mnunuzi asilalamike baadaye. Ukiona mshale mpana mdogo umegongwa, hiyo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Ukiona alama ndogo zenye taji, hizo ni za nyumba ya majaribio ya Birmingham, ambako kila bunduki ilipigwa risasi nzito kuhakikisha hailipuki. Alama hizo zimebadilika kwa miaka, kwa hivyo zenyewe ni kama tarehe.

Tatu, nambari. Hii ndiyo watu hukosea. Wanadhani nambari ni kama ile ya bahati nasibu, ikiwa ndogo basi umeshinda. Nambari inakuambia mambo mawili tu: takriban ilitengenezwa lini, na kama vipande vyake vilianza maisha pamoja. Kiwanda kiligonga kwa mfululizo, kwa hivyo ukijua mwaka fulani walifika nambari gani, unajua yako ya lini. Bastola nyingi zina nambari hiyo hiyo sehemu zaidi ya moja. Zikitofautiana, basi mtu aliunganisha maiti mbili, na bei inashuka. Inashuka pia mtu akiipiga msasa na kuipaka rangi mpya, hata kama kwa macho yako imependeza. Wanunuzi wa vitu vya kale wanataka uchakavu wa kweli.

Lakini nambari peke yake haiwezi kukuambia nani aliibeba. Kwa hilo inabidi nambari ya kwenye chuma ikutane na nambari ile ile kwenye karatasi iliyoandikwa siku zile. Hapo ndipo pesa ya ukweli iko. Ngoja nikupe mifano.

Julai 1873, mshairi wa Ufaransa Paul Verlaine alinunua bastola mjini Brussels na siku hiyo hiyo akampiga nayo risasi ya mkono mshairi mwenzake, Arthur Rimbaud. Mwaka wa 2016 bastola hiyo ilipigwa mnada Paris kwa zaidi ya yuro 430,000. Ni kibastola cha kawaida, kingine kama hicho ungekipata kwa bei ya simu nzuri. Tofauti ni kwamba nambari yake ilikutwa kwenye daftari la duka lililokiuza. Miaka mitatu baadaye, Paris hiyo hiyo, ikauzwa bastola inayoaminika ndiyo Vincent van Gogh alijipiga nayo. Iliokotwa shambani na mkulima, imeliwa na kutu. Ilileta zaidi ya yuro 160,000. Sasa niambie, kati ya Van Gogh na Verlaine, nani anajulikana zaidi? Mimi naamini hiyo tofauti ya bei ni bei ya karatasi.

Ya tatu ndiyo kubwa. Bastola ya Colt nambari 55093, ambayo sherifu Pat Garrett alimuulia Billy the Kid mwaka wa 1881, iliuzwa Agosti 2021 kwa zaidi ya dola milioni 6, ambazo wakati huo zilikuwa zaidi ya shilingi milioni 600. Mjane wa Garrett aliwahi kwenda kortini kudai bastola hiyo irudishwe kwake, akashinda. Unaona? Hata hapo kuna faili ya korti.

Na Kimathi ana faili ya korti. Kwa miongo mingi ilidhaniwa imepotea, watu wakawa wanasema lolote, hadi ilipopatikana na kuchapishwa kama kitabu mwaka wa 2017, kilichohaririwa na mwanahistoria Julie MacArthur. Kwa hivyo mtu yeyote anayekuambia ana bastola ya Kimathi ana kazi moja tu kabla hajataja bei: aonyeshe kwamba chuma chake na rekodi za ile kesi vinasema kitu kimoja. Stori ya babu askari haitoshi. Babu askari kila mtu anaye. Hapa Kibera ndiyo usiseme, mtaa wenyewe ulianza kama makazi ya wanajeshi Wanubi wa King's African Rifles. Ukienda Makina ukauliza nani alikuwa na mjomba jeshini, utarudi nyumbani usiku.

Kwa hayo yote, nikamwandikia jamaa anitumie picha ya kando, upande wa kulia, na nyingine ya chini ya mpini. Akatuma mara moja, mwenye furaha, akidhani mzungu amepatikana.

Hakuna bawaba chini ya mtutu. Silinda ya kuchomoka kando. Na chini ya mpini, kando ya kile kipete cha kufungia kamba, nambari inaanza na herufi V.

V ni ya ushindi. Smith & Wesson wa Marekani walikuwa wamefika nambari milioni moja kwa aina hiyo ya bastola, ndipo mwaka wa 1942 wakaanza upya kwa kuweka V mbele, vita vikiwa vimechacha. Mamia ya maelfu yake yalipelekwa kwa Waingereza na majeshi ya himaya yao. Zilienea kote, na sishangai moja ikifika Nairobi. Nchi ambako ni halali kuziuza, ya kawaida inaenda kwa mamia ya dola, nzuri sana labda elfu moja na kitu. Lakini ile iliyokuwa mezani Nyeri ilikuwa Webley Scott. Hii si yake, haijawahi kuwa yake, na haihitaji profesa kusema hivyo. Mzee jirani alicheka hadi akakohoa. Kisha akaacha kucheka, akaniambia nisimtembelee huyo jamaa nyumbani kwake, na nisiiguse hiyo kitu hata kwa kidole.

Ana haki. Hapa Kenya hiyo si kitu cha kuchezea. Ukishikwa nayo bila cheti, unaenda ndani. Na polisi wakiingia ploti saa tisa usiku hawatakuuliza kama umesoma historia. Watakuta kijana wa Kibera na bastola inayofanya kazi, basi. Ni miaka karibu 70 tangu Kimathi, na bado kitu kinachoweza kukumaliza ni kile kile: wewe, chuma, na daftari ambalo jina lako halimo.

Kama unataka kitu cha Kimathi cha kuangalia, panda mathree hadi tao, shuka, tembea hadi Kimathi Street. Sanamu yake iko pale tangu tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili baada ya kunyongwa. Mkono wa kulia ana bunduki ndefu, wa kushoto kisu. Nimepita hapo mara mia nikikimbilia mambo yangu, na ni juzi tu niligundua kwamba bastola ya ile kesi haimo. Wachongaji walimpa bunduki ya vita. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyomkumbuka kwa bastola. Sijui kama walifikiria hilo au ilitokea tu, lakini niliwaheshimu.

Nilimjibu jamaa kwa upole, maana mtaa ni mdogo na tutakutana tu. Nikamweleza V ni nini, Webley ni nini, na kwamba kitu cha maana anachoweza kufanya ni kutafuta wakili na kuipeleka polisi kwa njia ya wazi kabla mtu mwingine hajawaambia. Tiki mbili za bluu. Kimya. Halafu akaandika, kwa umakini kabisa, akiuliza kama namjua fundi wa jua kali kule Kawangware anayeweza kusugua hiyo V ikaisha.

Nikamwambia bastola iliyosuguliwa nambari haina bei kwa mnunuzi yeyote wa maana duniani, na kwa polisi inasema kitu kimoja tu kuhusu mwenye nayo. Hakujibu. Stima zilirudi saa nne usiku. Nilipofungua WhatsApp tena, picha zote zilikuwa zimefutwa.